Uso wa Mama kwa Megapikseli Mia Moja na Nane

Keko, Temeke
4 Machi 2025

Bwana Hashil Nassor,
Duka la Simu,
Kinondoni.

YAH: SIMU YA UONGO ULIYONIUZIA

Nakuandikia kwa sababu namba yangu umeifungia, na kwa sababu mtendaji wa mtaa wenu amesema nikipiga tena kelele kwenye kibaraza chako kama nilivyofanya Jumamosi, ataniweka ndani. Amesema tuandikiane, kila barua nakala kwake, tukishindwa ndipo atuite. Barua hii anakuletea Mbwana wa bajaji. Ukikataa kuipokea nimemwambia aisome kwa sauti mbele ya wateja wako.

Mimi ni Eufrazia Nandonde, kama umejifanya kunisahau. Mdogo wangu Alfonsi anachonga vitanda na milango hapa Keko, na kazi yangu ni kuvipiga picha na kuviweka mtandaoni. Desemba nilikuja kwako, ukanishikisha simu mkononi, ukaniambia kwa kinywa chako: "Dada, hii ina megapikseli mia moja na nane, hakuna kitakachojificha." Boksi nalo limeandikwa 108 kwa rangi ya dhahabu. Wiki iliyopita nimepeleka picha kwa Fransis, yule anayechapisha mabango. Kaifungua kwenye kompyuta yake, akacheka mpaka akavua miwani. Picha zangu zote ni za megapikseli kumi na mbili.

Sasa niambie tisini na sita zangu ziko wapi.

Wala si habari ya vitanda peke yake. Mama yetu anaumwa, yuko kwangu pale Pugu, na daktari ameshatuambia tujiandae. Mama ana nembo za Kimakonde usoni, mistari aliyochanjwa na bibi yake akiwa binti kule Newala. Tangu tuje Dar anazificha kwa mtandio mpaka kwenye nyusi, maana watoto wa Temeke walimcheka akiwa sokoni, na hajawahi kukubali kupigwa picha. Nambembeleza aniruhusu mara moja tu, ndani ya chumba, mapazia yamefungwa, ili Alfonsi aje auchonge uso huo kwenye msalaba wa kaburi lake na kila mstari uwe mahali pake. Picha hiyo siwezi kuipiga kwa simu inayoniibia.

Marehemu baba yako, Mzee Nassor, aliuza redio katika duka hilohilo na hakuna aliyerudi kulia. Angekuwa hai angeona haya kukuita mwanawe.

Aliyedhulumiwa,
Eufrazia Nandonde


Kinondoni
7 Machi 2025

Bibi Eufrazia Nandonde,
Keko.

YAH: MAELEZO KWA ASIYEULIZA KABLA YA KUTUKANA

Salamu nimeziacha kwa kuwa nawe hukuzileta. Niko kwenye funga, na mwezi huu sikutaka kujibizana na mtu, lakini mtendaji amesisitiza nijibu. Soma taratibu. Usipoelewa, mpe mtu akusomee.

Nyuma ya kioo cha kamera kuna kibao kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kinachopokea mwanga. Kibao hicho kimegawanywa vyumba milioni mia moja na nane, na kila chumba ni pikseli moja. Ili vyote vienee pale, lazima viwe vidogo mno, na chumba kidogo kinapata mwanga kidogo. Chukulia watu tisa wamesimama kwenye manyunyu, kila mmoja na kikombe cha kahawa. Ukitazama kikombe kimoja kimoja, huyu ana matone mawili, yule hana kitu, na huwezi kusema mvua ilinyesha kiasi gani. Wakimimina wote kwenye bakuli moja, unajua. Simu yako inafanya hivyohivyo. Inachukua pikseli tisa zilizokaa pamoja, tatu kwa tatu, inazifanya moja kubwa. Gawanya mia moja na nane kwa tisa, ikiwa hesabu mnafundishwa huko kwenye vumbi la mbao, utapata kumi na mbili. Hakuna aliyekuibia. Pikseli zako ziko zote, zinafanya kazi kwa ushirika.

Hayo yangetosha kama ungeuliza kwa adabu. Lakini umefika dukani kwangu siku ya kuamkia Ramadhani, umenivunjia heshima mbele ya wateja, kisha umeandika juu ya baba yangu. Ungenitukana mimi ningekuacha uende. Baba yangu amelala kaburini na hakukuuzia kitu. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii, na jina lake bado liko juu ya mlango, na wewe umelichukua ukalipangusia miguu.

Unazitaka zote mia moja na nane. Fungua kamera, telezesha vidole mpaka palipoandikwa "Zaidi", gusa 108. Umezidai, hizo hapo.

Hashil Nassor
Nakala: Mtendaji wa Mtaa


Keko
12 Machi 2025

Bwana Hashil,

Kumbe ilikuwepo siku zote, umeikalia. Miezi mitatu natumia simu nusu, na mwenye siri anafunga na kuswali.

Nimebonyeza pale uliposema. Jana saa sita mchana nimesimamisha mlango wa mninga nje ya karakana, jua limewaka, nikapiga. Fransis alipoifungua picha na kuikuza aliniita nisogee nione. Unaona mshipa wa mti, unaona mahali patasi ya Alfonsi iliposita kabla ya kukata kona, unaona hata unywele wa brashi ulionasa kwenye vanishi. Hiyo ndiyo simu niliyoinunua. Hadithi yako ya watu tisa na vikombe nimeisoma kwa sauti hapa karakana, watu wameacha kupiga randa ili wacheke vizuri. Ati pikseli zina ushirika. Ulikosa tu kusema zina mwenyekiti na katibu.

Nimeiweka kwenye 108 na hapo haitoki, wala sitakubali mtu aiguse hiyo alama.

Mama amekubali. Jumapili hii, baada ya misa, ndani ya chumba chake, mapazia yamefungwa kwa sababu hataki jirani achungulie. Atavua mtandio. Amesema mara moja tu, nikishapiga nifunge simu, na nisimwombe tena. Ametuzaa saba na hii ndiyo mara ya kwanza anakubali. Nitampiga kwa mia moja na nane yote, na sitakuwa na la kukushukuru, maana nilikuwa nayo tangu Desemba.

Juu ya baba yako, nilichoandika nimeandika.

Eufrazia Nandonde


Kinondoni
14 Machi 2025

Bibi Eufrazia,

Barua yako nimeipokea leo Ijumaa kabla ya swala. Nimeisoma mpaka mwisho.

Kwa kuwa umeridhika, kwangu shauri limekwisha, na nimemwarifu mtendaji hivyo. Sina la kuongeza.

Hashil Nassor


Pugu
2 Aprili 2025

Mzee Hashil,

Shikamoo yako ninayo, ila leo sikupi.

Mie ni Alfonsi, mdogo wake Eufrazia. Sista hawezi kukuandikia, ndiyo maana naandika mie. Mama alifariki tarehe 22 Machi, Jumamosi, siku sita baada ya kupigwa picha. Tumemzika hapahapa Pugu. Matanga yameisha juzi.

Picha ilipigwa kama alivyokwambia. Nilikuwepo. Sista alifunga mapazia, mama akakaa kitandani, akavua mtandio mwenyewe, akaushika mapajani. Ilipigwa moja. Kwenye kioo cha simu ilionekana safi, mama akaitazama, akasema, "Huyo ni mama yangu." Akajifunika. Hatukumwomba tena kwa sababu tulimwahidi.

Baada ya matanga nimepeleka kwa Fransis aikuze, nianze kuchora kwenye ubao. Ilipokuwa kubwa, uso wa mama umejaa punje. Ni kama mtu kammwagia pumba za msumeno. Macho yapo, pua ipo, ila nembo huzioni. Pengine unaona mstari, ukisogea karibu unakuta ni punje zimejipanga. Fransis akauliza chumba kilikuwa na mwanga gani, nikamwambia. Akauliza kamera ilikuwa kwenye ngapi, nikamwambia mia moja na nane. Akashika kichwa. Akasema mle gizani kila pikseli ilikosa mwanga ikawa inabahatisha, na kama tungeiacha simu izijumlishe tisa tisa kama ilivyokuja kutoka dukani, tungeona kila mstari. Akauliza nani katufundisha kuweka vile ndani ya chumba. Nikampa barua yako.

Utasema sie watoto wake tulimwona kila siku, tunashindwaje kukumbuka. Mzee, mama yako ukimwona kila siku humhesabu mistari.

Nina swali moja. Sista alikwambia chumba. Alikwambia mapazia. Alikwambia siku. Ulijua kwamba mle ndani 108 itaharibu, au hukujua? Kama hukujua, basi wewe ni muuza simu asiyejua simu, nami nitakuacha na Mungu wako. Kama ulijua, liandike kwa mkono wako, uweke sahihi.

Alfonsi Nandonde


Kinondoni
6 Aprili 2025

Kwa Alfonsi na Eufrazia Nandonde,

Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Mungu amrehemu mama yenu.

Nilijua.

Nimeambatanisha karatasi moja. Ni barua yangu ya tarehe 7 Machi kabla sijaiandika upya kwa usafi. Tazameni mwisho wa ukurasa, chini ya maelekezo ya kubonyeza 108. Mtaona maneno haya, nimeyapitishia wino juu: "Lakini iache hiyo kwa ajili ya nje, kwenye jua. Ukimpiga mama yako ndani ya chumba, rudisha kamera ilivyokuwa, pikseli zijumlishwe, vinginevyo hutaona kitu." Niliyaandika kwa nia njema, saa nane mchana, nikiwa na njaa na hasira lakini nia bado njema. Kisha nikarudia kusoma barua ya Eufrazia, nikafika pale alipoandika kwamba baba yangu angeona haya kuniita mwanawe. Nikachukua kalamu nikayakata. Nilijiambia kwamba amezidai, azipate.

Na tarehe 14 nililetewa barua yenye siku na saa. Ilikuwa Ijumaa, na picha ni Jumapili. Ningeweza kumrudisha Mbwana na mstari mmoja. Niliandika "sina la kuongeza", nikaenda kuswali. Nimefunga mpaka mwezi ukaisha juu ya jambo hilo, na sijui funga hiyo imeandikwa wapi.

Sitajifanya kondoo. Alfonsi, dada yako aliniumiza, na mpaka leo nikikumbuka maneno yale moyo unanichoma. Nilitaka apate picha mbaya, arudi dukani akiwa mdogo, aniombe nimweleze. Hicho ndicho nilichokitaka. Sikufikiria kwamba hakutakuwa na picha ya pili, ingawa aliliandika waziwazi.

Liko jambo moja la kujaribu. Kile ambacho simu ingefanya wakati wa kupiga, naweza kukifanya sasa kwenye kompyuta, nikachukua pikseli tisa tisa nikatafuta wastani wake. Punje zitapungua, maana moja ikikosea juu na nyingine ikikosea chini zinasawazishana. Haitakuwa sawa na kupiga vizuri tangu mwanzo. Nileteeni faili lenyewe kutoka kwenye simu, si lililotumwa mtandaoni, maana likitumwa linabanwa na kupotea zaidi.

Hashil Nassor


Pugu
9 Aprili 2025

Hashil,

Neno "Bwana" nimelitoa.

Alfonsi hakutaka. Alisema bora uso upotee kuliko uende kwako. Mimi ndiye niliyeamua, na flashi yenye faili anayo Mbwana, amekatazwa kuiacha. Atakaa dukani kwako mpaka umalize, hata ikiwa siku tatu.

Nataka ujue unachokishika. Uso huo haujaonwa na mtu asiye wa nyumbani kwa miaka hamsini. Jirani yetu Lusungu amekaa naye ukuta kwa ukuta na hajauona. Padri aliyempaka mafuta ya wagonjwa aliona paji la uso peke yake, na Fransis aliona punje tu. Wa kwanza kuuona wote ni wewe, kati ya watu wote waliomo Dar es Salaam. Funga mlango. Usimwite mtu, usimwonyeshe mkeo, usibaki na nakala.

Eufrazia


Kinondoni
15 Aprili 2025

Bibi Eufrazia,

Nimefanya nilivyoweza, siku tatu, nimefunga mlango. Mbwana alikaa upande wa nje, muulize. Nakala nimezifuta zote mbele yake.

Mtaona kwenye karatasi. Paji la uso limetoka. Kuna mistari inayoshuka kutoka kwenye nywele na kukutana katikati ya nyusi, nimeihesabu mara nyingi, ni saba. Shavu la kulia limetoka, mistari ya pembe juu ya pembe. La kushoto limetoka nusu, upande ule uliokuwa karibu na dirisha.

Kidevuni hakuna kitu. Nimejaribu kila njia. Kilikuwa kwenye kivuli cha uso wenyewe, na simu ilipoona punje ilijaribu kuzisugua, ikasugua na mistari. Nikijumlisha pikseli tisa, mstari ukiwa umo hata kidogo unajitokeza. Mle haumo tena. Ningeweza kuichora kwa kubuni, programu zipo na hakuna ambaye angejua, lakini nimeona huo ungekuwa uongo wa pili.

Nilipokuwa natafuta kidevu nimemtazama mama yenu kwa saa nyingi. Nakuomba radhi, wewe na Alfonsi, na yeye pia. Nilikuwa na uwezo wa kumtendea wema bila kunigharimu kitu, na sikutaka. Siku mtakayosimamisha msalaba, mkinipa ruhusa, ningependa kuja nisimame nyuma.

Hashil Nassor


Pugu
4 Mei 2025

Bwana Hashil,

Usije. Na tayari umeshachelewa, tumeusimamisha jana.

Paji la uso ni saba kweli. Alfonsi alipoona karatasi alikaa chini kwenye vumbi la karakana akaweka kidole juu ya kila mstari. Shavu la kushoto amelimaliza kwa kufuata la kulia, kwa sababu nembo za mashavu hufanana. Kidevu hakina mwenzake wa kumfuata. Tumewapigia simu dada zake mama wawili waliobaki Newala. Mmoja anasema ilikuwa mistari mitatu na nukta, mwingine anaapa ilikuwa mitano na haikuwa na nukta, na sasa wenyewe hawasemeshani. Watu wakamwambia Alfonsi achague mojawapo, nani atajua. Alikataa. Alisema vitanda anaweza kubuni, mama yake hawezi. Amekiacha kidevu kitupu, amekipiga msasa mpaka kimekuwa laini.

Neno nililoandika juu ya baba yako nalifuta. Lilikuwa baya, na nililiandika nikijua ni baya. Mtendaji nimempelekea nakala ya barua hii ili nako likafutwe. Mimi ndiye niliyebonyeza ile 108, na mimi ndiye niliyecheka maelezo ambayo yalikuwa ya kweli. Hayo ni yangu na ninayabeba. Lakini radhi unayoomba sina. Nimeitafuta kwa sababu padri ameniambia niitafute, na nikifika pale ulipoandika "sina la kuongeza" inanitoka. Pengine mwakani. Usiningoje, na usiniandikie.

Jana watu walipoondoka, binti yangu Herieth alibaki msalabani. Aliweka kidole kwenye kidevu cha bibi yake, akaniuliza hapa palikuwa na mistari mingapi. Miezi minne nilimlisha mama uji kwa kijiko, Hashil. Kila asubuhi alikuwa anavua mtandio mbele yangu, na kila asubuhi nilimfuta kidevu kile kwa mkono wangu huu, uji ukiwa umeganda katikati ya ile mistari, nikawa nausugua kwa kitambaa cha maji ya moto, mstari mmoja baada ya mwingine, mpaka utoke. Nilimwambia mwanangu sijui.

Eufrazia Nandonde